Kandili ya Maskati na baskeli ya Barka

Najua nimekaa kimya wiki nyingi, na wengine mmeshaniandikia mkidhani nimerudi Unguja bila kuaga. La, nipo hapahapa Maskati. Ila mwezi uliopita nilipata mtikisiko, na tangu siku hiyo badala ya kuandika nimekuwa nikisoma habari za barabara. Leo nakuleteeni nilichokiokota.

Ilikuwa Ijumaa, tunatoka shamba kwa shemeji yangu, Barka, upande wa baharini. Tumeshakula, kahawa na tende tumemaliza, magharibi imeingia. Anayezijua njia za mashamba ya Batinah anajua zilivyo: nyembamba, lami imemeguka kingoni, mchanga huku na huku, kuta za mashamba zimekubana, na taa hakuna hata moja. Mbele yangu trekta limebeba majani ya mifugo, linakwenda mwendo wa kobe. Nikatoka kulipita. Nilipolimaliza tu na kurudi upande wangu, huyo hapo mtu juu ya baskeli, kiroba nyuma, hana taa, hana chochote kinachong'aa. Nikakanyaga breki, gari likaserereka mpaka mchangani, na kioo cha pembeni kikamgusa mkono wa shati. Shati tu, alhamdulillahi.

Nikashuka nimepandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeogopa. Na la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa: "Taa yako iko wapi?" Mwenyewe Mbangladeshi, mtu mzima wa rika langu, kibarua wa shamba la jirani. Akaweka mkono kifuani akasema, "Arbab, samahani." Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi! Nikarudi garini nikiendelea kunung'unika, mpaka mke wangu akaniambia kwa utaratibu, "Baba Salma, anayekimbia ulikuwa wewe."

Sikumjibu. Lakini swali lilinikaa: nani hasa anatakiwa abebe taa?

Tuanze na Maskati yenyewe, maana hapa suala la taa lina historia yake. Wazee mliofika miaka ya mwanzo mnaijua. Enzi za Sultan Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932 mpaka 1970, mji wa Maskati ulikuwa ndani ya ukuta. Saa tatu baada ya jua kuzama mzinga ulipigwa ngomeni na milango ikafungwa. Baada ya hapo anayetembea mjini ilikuwa lazima awe na kandili mkononi. Tochi ya betri haikukubaliwa, ilitakiwa kandili ya mafuta. Sheria ile haikuwekwa kwa ajili ya magari, ilikuwa ya ulinzi, mtu ajulikane ni nani na anakwenda wapi. Na magari yenyewe yalikuwa wapi? Kumiliki gari kulihitaji ruhusa ya Sultan. Kati ya Maskati na Matrah ni majabali matupu, na watu walivuka kwa miguu au walichukua mashua, mpaka ilipopasuliwa njia ya gari mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilipofika Julai 1970, Sultan Qaboos anashika nchi, lami yote ya Oman ilikuwa kiasi cha kilomita 10. Nchi kubwa kuliko Uingereza, kilomita kumi! Mwezi wa Disemba 1955 Sultan Said alipotoka Salalah kwenda Nizwa kwa msafara wa magari kupitia jangwani, safari ile ilionekana ya ajabu hata mwandishi wa gazeti la The Times, James Morris, aliyefuatana naye, akaiandikia kitabu kizima.

Kwa hiyo huku Batinah, baba wa hawa jamaa zetu walipita kwa ngamia na punda, au kwa bahari. Ng'ombe alikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kuvuta maji kisimani, anateremka na kupanda siku nzima. Hakuna aliyempisha mwenzake kwa pembe. Ngamia wakikutana na punda, mambo yalimalizika kwa salamu.

Kwetu Unguja ilikuwa tafauti, sisi barabara tulizipata mapema, na kugombana humo vilevile. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli ya kwenda Bububu, na gari la moshi lilipita mjini kwenye njia nyembamba, karibu na nyumba mpaka mtu dirishani angeweza kuligusa. Watu walijibana ukutani lipite. Kufika 1922 likaacha kuchukua abiria, kwani motokaa zilishashika njia ya Bububu. Yaani gari la moshi lenyewe, lililowasukuma watu ukutani, nalo likasukumwa.

Mimi niliyoyakuta kwa macho yangu ni ya baadaye. Njia ya shamba: gari la ng'ombe limejaa nazi, wanawake na vikapu vyao wanakwenda sokoni, watoto wa skuli, baskeli tele, na lori la abiria lenye bodi la mbao linapiga honi tangu kwenye minazi ya mbali. Gari la ng'ombe usiku lilikuwa na kandili inaning'inia chini, inayumbayumba, na mara nyingi mwenyewe kalala juu ya mzigo, ng'ombe ndio wanaoijua njia. Baba yangu alikuwa na Raleigh na dainamo yake. Mnaikumbuka dainamo? Ile chupa ndogo inayobanwa kwenye tairi, ukikanyaga pedali taa inawaka, ukisimama inazimika, na ukipanda kilima inakuwa nyekundu kama kaa la sigireti. Ilikuwa inafanya baskeli nzito, basi wengi waliiondoa tairini. Wakimwona askari kwa mbali wanashuka na kuikokota, kwani anayekokota baskeli si mpanda baskeli, ni mtembea kwa miguu! Askari wanacheka, wanawaachia. Au hawacheki, na hapo ni kulipa.

Sheria hizo tuliletewa na Waingereza. Nikajiuliza, wao kwao walianzaje? Hapo ndipo nilipokuta mambo.

Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa ajili ya mashine za mvuke zilizoanza kutembea barabarani, nyingi zao zikivuta mizigo na zana za kilimo. Mwendo usizidi maili 4 kwa saa nje ya mji, maili 2 ndani ya mji. Na juu ya hayo, mtu atangulie mbele ya mashine, yadi 60, kashika bendera nyekundu, kuwaonya watu na farasi. Bendera ilikuja kulegezwa baadaye, na sheria yenyewe ikaondolewa 1896, wenye motokaa wakasherehekea. Siku hizi tunaitaja kwa kicheko, tuone walivyokuwa washamba. Mimi sasa sicheki. Iangalie vizuri: ilimtaka mwenye mashine ndiye atangaze kuwa anakuja. Mkulima na mkokoteni wake hakutakiwa kuvaa wala kubeba chochote cha ziada. Na mwaka huohuo 1896, mwezi wa Agosti, bibi mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa huko Crystal Palace, London, akafa. Ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na motokaa Uingereza.

Na baskeli je? Hili sikulijua kabisa. Barabara nzuri za mashamba, Uingereza na Marekani, kabla ya motokaa kuwa na sauti, zilipiganiwa na wapanda baskeli. Chama cha wapanda baskeli wa Marekani kiliundwa 1880, na Uingereza wenzao walianzisha jumuiya ya kutengeneza barabara 1886. Walichoka na matope na mashimo. Wakaandika, wakakusanya fedha, wakawasumbua wakubwa. Motokaa zilikuja kuukuta mkeka umeshatandikwa.

Halafu ukaja ugomvi wa taa ya nyuma. Taa ya mbele hawakuikataa. Lakini miaka ya 1920 na 1930 serikali ilipotaka baskeli nazo ziwe na taa nyekundu nyuma, chama chao kiliipinga kwa miaka. Hoja yao: mwenye gari anatakiwa aendeshe kwa mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona kwa taa zake. Leo mkitulazimisha taa, siku tukigongwa kosa litakuwa letu. Vita vilipoanza 1939, miji ikazimwa taa kuogopa ndege za Wajerumani, taa ya nyuma ikawa lazima. Vita vikaisha, sheria haikuondoka.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. "Taa yako iko wapi?" Ndiyo maneno yaleyale waliyoyaogopa.

Sasa msinielewe vibaya, mimi si mpinzani wa taa. Gizani taa inaokoa, hilo halina mjadala, na wale jamaa nadhani walikuwa wabishi mno kwa usalama wao wenyewe. Ila katika hoja walikuwa na haki. Nilipita trekta jioni, njia nyembamba, sijui mbele kuna nini. Angekuwa mtoto, angekuwa ngamia, ingekuwa ileile. Ngamia naye utamwuliza taa?

Tukirudi Batinah, lami ilifika miaka ya mwanzo ya 1970, njia kuu ikashuka na pwani mpaka Sohar. Mashamba yakawa yamekatwa: upande huu mnazi na mtende, upande ule duka na msikiti. Trekta, pikapu yenye dume la ng'ombe linalopelekwa kupambana na madume wenzake (Barka wanalipenda sana pambano hilo), tangi la maji, kibarua na baskeli yake, wote wakaingia njia moja na Land Cruiser ya kilomita 140. Mwaka 2012 peke yake zaidi ya watu 1,000 walikufa katika barabara za Oman, nchi ambayo wakati huo haikufika watu milioni 4. Tangu hapo kamera na faini zimeongezeka na vifo vimepungua sana, hilo tuseme ukweli. Mwaka 2018 ikakamilika njia mpya ya Batinah, kiasi cha kilomita 270, imepita mbali na mashamba, na ile ya zamani ikapumua kidogo. Lakini vile vijinjia vya ndani vimebaki vilevile, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2009 ilisema karibu nusu ya wanaouawa barabarani duniani ni watembea kwa miguu, wenye baskeli na wenye pikipiki.

Na baskeli yenyewe Oman inaheshimiwa, msidhani. Tangu 2010 kuna mashindano ya Tour of Oman, wamekuja mabingwa wakubwa, Chris Froome ameshinda mara mbili. Siku zao polisi wanatangulia na ving'ora, magari yanasimamishwa, sisi tunangoja. Mwaka 2015 joto lilizidi, matairi yakapasuka, wapanda baskeli wakasimama chini ya daraja wapate kivuli na mbio za siku ile zikafutwa. Niliwaonea huruma kwenye televisheni. Bendera nyekundu ya 1865 bado ipo, kumbe, inatolewa kwa wageni wiki moja kwa mwaka.

Ijumaa iliyofuata nilinunua taa mbili ndogo, ya mbele na ya nyuma, za kuchaji, nikampelekea yule bwana shambani. Nikamwomba radhi kwa Kiarabu changu cha kuungaunga na Kihindi kidogo. Akacheka, akanipa mbaazi za kuchukua nyumbani.

Juzi nikamkuta njiani tena, magharibi, hana taa. Nikashusha kioo nikamwuliza, safari hii kwa adabu. Akasema ameitundika chumbani kwao, wapo sita, na umeme unakatika. Nikabaki nyuma yake na taa zangu zikimmulikia njia, kilomita kumi na tano kwa saa, na pikapu nyuma yangu inanipigia honi mpaka alipokata kona ya shambani kwao.