Mama Czeka: Sarufi ya Kipolandi Iliyowahi Kuishi Jirani Yetu

Wadau, niko Msamala hapa Songea, na leo naomba tuweke siasa pembeni tuzungumzie sarufi. Najua neno hilo linawakumbusha wengi mwalimu wa kidato cha pili, fimbo mkononi na ngeli ubaoni. Vumilieni. Sarufi ninayoisema ni ya Kipolandi, na kwa miaka kadhaa ilizungumzwa, ikafundishwa na kupikiwa ugali (sawa, supu) mkoa wa jirani tu, Njombe, na hakuna mwalimu wangu hata mmoja, kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, aliyewahi kunigusia.

Tukisikia neno mkimbizi tunamfikiria Mrundi au Mkongo, tunaifikiria Kigoma. Mkimbizi Mzungu haingii akilini. Lakini walikuwepo kwa maelfu. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na siku ya 17 ya mwezi huohuo Urusi ya Stalin ikaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 familia za mashariki mwa Poland zilianza kukusanywa usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeukia Stalin mwaka 1941, Poland na Moscow zikapatana na wafungwa wakaachiwa. Wanaume wakaingia katika jeshi la Jenerali Władysław Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo likavuka kwenda Iran, na familia nyuma yake. Wanaume wakaenda vitani, na wanawake, watoto na yatima wakatafutiwa mahali pa kukaa. Waingereza wakaangalia ramani ya makoloni yao.

Tanganyika ikapata sehemu yake. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, watu wapatao 5,000 katika vibanda vya duara vilivyoezekwa kwa nyasi. Kulikuwa pia na Kondoa, Morogoro, Ifunda (ukienda Dar kwa basi kutoka Songea unapita hapohapo, kabla ya Iringa) na Kidugala, kwenye misheni ya zamani ya Wajerumani, leo wilaya ya Wanging'ombe. Wengine walikaa Uganda, Masindi na Koja, na wengine Rhodesia na Afrika Kusini.

Haya, sarufi inaingiaje? Niliamua kujifunza lugha yao kwa njia moja tu: sentensi za nyumbani. Vitabu vya sarufi huanza na majedwali yenye hali saba za nomino, na ukiyatazama unatamani kurudi kwenye Chingoni chako. Jikoni mambo ni mepesi zaidi.

Mama jest w kuchni. Mama yuko jikoni. Jiko ni kuchnia, lakini ukiwa ndani yake linakuwa kuchni. Mswahili hapa hana sababu ya kuogopa, maana hata sisi tunasema jiko, kisha jikoni. Tofauti ni kwamba sisi tuna mkia mmoja tu wa namna hiyo, wenzetu wanayo mikia kwa kila shughuli. Woda ni maji. Mama ma wodę, Mama ana maji. Hapo maji yanatendwa jambo, yamemilikiwa, kwa hiyo mwisho umebadilika. Sisi mabadiliko yetu yanakaa mbele ya neno: kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika. Yao yanakaa nyuma. Kwa hiyo ukimsikiliza Mpolandi, usimkatize kabla hajamaliza neno, siri yote iko mwishoni.

Sasa jambo lililonishika mimi. Bomba likikauka, kama lilivyokauka hapa mtaani juzi, unasema: Nie ma wody. Hakuna maji. Tazama, si woda tena wala wodę, ni wody. Kitu kisipokuwepo, jina lake hubadilika. Chleb ni mkate, nie ma chleba ni hakuna mkate. Na kanuni hii haiwaachi watu. Mama jest w kuchni, lakini Mamy nie ma w kuchni, Mama hayuko jikoni. Baba ni tata (Wanyakyusa watatabasamu hapa), na asipokuwepo, Taty nie ma. Kiswahili huweka kukosekana kwenye kitenzi, yuko na hayuko, na mama anabaki mama vilevile. Kipolandi kinamgusa mama mwenyewe.

Nadhani mnaona ninakoelekea. Fikiria mtoto wa miaka saba Kidugala mwaka 1943, anayekumbuka Poland kidogo sana, mama yake alizikwa njiani, baba yuko na jeshi Palestina au Italia, au hajulikani alipo. Mtoto huyo hahitaji jedwali la mwalimu ili ajue hali ya kukosekana. Anaisema kila siku, tangu Siberia: hakuna mkate, hakuna kuni, baba hayupo. Na walimu walikuwepo! Makambi yalikuwa na shule zilizofundisha kwa Kipolandi, pamoja na uhaba wa vitabu. Sarufi kwao haikuwa somo la kupasia mtihani. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, na lugha ndiyo iliyobaki ya kumrithisha mtoto.

Kuna kanuni nyingine inayonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Kitenzi cha kusubiri, akifanya mtu mmoja sasa hivi, ni czeka, na kinatamkwa "cheka" kabisa kama chetu. Kwa hiyo Mama czeka maana yake Mama anasubiri. Mchaga au Mmeru aliyekuwa akipeleka ndizi kuuza kambini Tengeru angeweza kudhani mtu anaambiwa acheke.

Kiweke kitenzi hicho katika wakati uliopita na Kipolandi kitakuuliza: nani hasa? Sisi tunasema "alisubiri" na hatutaji jinsia. Wao, mwanamke akijisemea ni czekałam, mwanamume ni czekałem. Kwa wingi ni kali zaidi. Kundi likiwa na mwanamume hata mmoja, ni czekali. Likiwa la wanawake, au wanawake na watoto, ni czekały. Wanawake mia wakisubiri, akaingia babu mmoja na fimbo yake, kitenzi chote kinahama. Dada zangu wanaopigania usawa watakuwa na la kusema, na sitawazuia. Lakini kwa mwanahabari ni zawadi. Kobiety i dzieci czekały. Wanawake na watoto walisubiri. Herufi mbili za mwisho zinakuambia nani hakuwepo, bila kumtaja.

Walisubiri vita iishe. Ikaisha mwaka 1945, na mashariki mwa Poland, kwao wengi, pakawa pamebaki mikononi mwa Urusi. Nyumba waliyoikumbuka ilikuwa sasa nchi nyingine. Baadhi walirudi Poland mpya ya kikomunisti, wengi wakakataa. Waliokuwa na waume au baba jeshini waliungana nao Uingereza. Wengine walienda Kanada na Australia. Mwaka 1949 kundi la yatima zaidi ya 100 kutoka Tengeru lilisafirishwa kwenda Kanada kupitia Italia, likiongozwa na padre Łucjan Królikowski, na serikali ya Warsaw ikapiga kelele kwamba watoto wametekwa. Mapema miaka ya 1950 kambi ya Tengeru ikafungwa. Makaburi yao yapo hadi leo, zaidi ya 140, yamezungushiwa ukuta na yanatunzwa, na ukifika unaweza kusoma majina. Mengi ya wanawake huishia na a.