Nani Anawaita Watoto Wetu? Nyimbo za Vipindi vya Watoto, kutoka Tokyo hadi Singida

Mwaka 1963 yalitokea mambo mawili yasiyohusiana. Tarehe 1 Januari, televisheni ya Fuji jijini Tokyo ilianza kurusha Tetsuwan Atomu, katuni ya Osamu Tezuka kuhusu mtoto wa chuma mwenye moyo wa binadamu. Tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo, Singida, iliyokuwa sehemu ya Jimbo la Kati, ikawa mkoa unaojitegemea.

Sina nia ya kuyalazimisha matukio haya kuwa ndugu. Nayaweka pamoja kwa sababu moja tu. Tangu mwaka ule, mtoto wa Kijapani alianza kuitwa mbele ya kioo kwa lugha yake na kwa wimbo uliotungwa kwa ajili yake. Mtoto wa Singida alisubiri zaidi ya nusu karne kupata katuni ya nchi yake inayomwimbia kwa Kiswahili. Ni vyema tuulize kwa nini, na kama kusubiri huko kumekwisha.

Wapo watakaosema kuwa wimbo wa katuni ni jambo dogo mno kwa ukumbi huu, ambao umezoea kujadili katiba, bajeti na ajira. Naomba wanivumilie. Wimbo wa utambulisho ni mwito. Unamtoa mtoto uani, unamketisha, na unamwambia kwamba saa hii ni yake. Kwa watoto wengi, ndiyo mara ya kwanza kwa taasisi kubwa iliyo mbali na nyumbani kuwasemesha wao wenyewe, si wazazi wao. Lugha inayotumika katika mwito huo, na mfuko unaoulipia, ni mambo ya siasa kwa maana kamili ya neno hilo.

Wajapani walilielewa hili mapema. Maneno ya wimbo wa Tetsuwan Atomu yaliandikwa na Shuntaro Tanikawa, mmoja wa washairi wakubwa wa taifa lile. Hawakuona kuwa kumwandikia mtoto ni kazi ya kumpa yeyote aliyekosa kazi nyingine. Shirika la utangazaji la umma, NHK, ambalo huendeshwa kwa ada inayolipwa na kaya, lilikuwa limeanzisha kipindi cha Okaasan to Issho mwaka 1959 na kipindi kifupi cha nyimbo, Minna no Uta, mwaka 1961. Mwaka 1969 ikaja Sazae-san, hadithi ya familia ya kawaida, ambayo bado inaendelea hadi leo. Mwaka 1979 ikaja Doraemon ya televisheni ya Asahi, yule paka wa bluu ambaye wimbo wake umeimbwa na wazazi na kisha watoto wao.

Nyimbo hizi zina ufundi unaofanana. Sauti hazipandi wala kushuka mno, ili koo changa liziweze. Jina la mhusika hurudiwarudiwa. Mistari ni mifupi, na mara nyingi kuna sauti moja inayouliza na nyingine zinazoitika. Kuanzia miaka ya 1980, kampuni za kurekodi muziki ziligundua kuwa mlango huu una fedha, na wasanii wa muziki wa vijana wakaanza kupewa nafasi ya kufungua katuni. Mwaka 1990 wimbo wa kufungia Chibi Maruko-chan, Odoru Pompokolin, uliongoza kwa mauzo ya mwaka nchini mwao. Biashara iliingia, lakini ilikuta nyumba imekwishajengwa: watunzi walikuwepo, lugha ilikuwepo, na watoto walikwishazoea kuimbiwa.

Turudi kwetu. Isidhaniwe kwamba mtoto wa Singida hakuwa na mwito. Msimulizi aliposema "Paukwa!", watoto waliitika "Pakawa!". Huo ni ufunguzi kamili wa kipindi, wenye sauti inayoita na sauti zinazoitika, na haukuhitaji umeme. Mkoa huu ni wa Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wabarbaig, Wahadzabe wa Mkalama na Wagogo wa Manyoni. Wagogo wanasifika kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana juu ya noti tano. Malighafi ya wimbo wa watoto ilikuwa tele.

Redio ilikuwa chombo cha kwanza kujaribu kuichukua. Mwaka 1965 Serikali iliuweka utangazaji chini yake moja kwa moja, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikazaliwa. Redio hiyo ilijua thamani ya mlio wa ufunguzi: ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona, zilitangulia taarifa ya habari kiasi kwamba mtu aliyezisikia kwa mbali alijua saa bila kutazama saa. Kwa watoto kulikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha hadithi ambacho vizazi kadhaa hukihusisha na sauti ya Deborah Mwenda. Tazama majina: Okaasan to Issho maana yake ni "pamoja na mama". Mataifa mawili yaliyotofautiana kwa utajiri yalifikia wazo lilelile, kwamba chombo cha umma kina wajibu wa kukaa na mtoto na mama yake.

Televisheni ni habari nyingine. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994. Serikali ya Mwalimu iliiona kuwa anasa ya wachache wa mijini, na kwa nchi iliyokuwa ikihangaikia visima na madarasa, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini ilikuwa na gharama pia. Televisheni ilipokuja, ilikuja kwa mlango wa soko huria, na hatukuwa na watunzi wala wachoraji walioandaliwa kwa kazi hiyo. Katuni zilizojaza saa za watoto zilikuwa za kigeni, nyingi kwa Kiingereza. Watoto wetu walijifunza kuimba maneno wasiyoyaelewa, na sisi tukaona ni jambo la kuchekesha.

Mwaka 2010 ilitokea Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi kwa mtindo uliobuniwa na Mtanzania, Edward Saidi Tingatinga, na mwanamuziki wa Kenya Eric Wainaina alishiriki katika nyimbo zake. Ilikuwa kazi nzuri, ila mtindo wetu uliimba kwa Kiingereza na uliandaliwa kwanza kwa ajili ya vituo vya ng'ambo. Mabadiliko ya kweli yalikuja Januari 2014, pale Ubongo Kids, iliyotengenezwa na vijana wa Dar es Salaam, ilipoanza kuonekana TBC1 kwa Kiswahili, ikifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo zake yenyewe. Baadaye, kwa wadogo zaidi, ikafuata Akili and Me, hadithi ya binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro.

Je, kusubiri kumekwisha? Kwa sehemu tu, maana yapo mambo mawili ambayo bado hayajapata jibu.

La kwanza ni fedha. Waandaaji wa Ubongo Kids hutegemea kwa kiasi kikubwa ruzuku za wafadhili. Nawapongeza wafadhili hao, lakini mwito wa mtoto wa taifa haupaswi kunyamaza siku vipaumbele vya mtu wa mbali vinapobadilika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayawezi kuwa mradi wa miaka mitatu.

La pili ni lugha. Kiswahili ni ushindi wetu mkubwa. Hata hivyo, kanuni za utangazaji zinataka vyombo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine ni kwa kibali. Najua hofu ya ukabila iliyo nyuma yake, nami siidharau. Lakini wimbo wa kubembeleza wa Kinyaturu au Kihadzabe, ukifungua kipindi cha dakika kumi cha watoto katika redio ya mkoani, utabomoa umoja gani?

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaweza kuanza na hatua ndogo: kifungu cha kudumu cha vipindi vya watoto katika bajeti ya utangazaji wa umma, na kibali cha wazi kwa nyimbo za watoto za lugha za asili. Wanafunzi wangu wa Singida wana kazi nyepesi zaidi. Rekodini bibi zenu wakiimba, wangali nasi. Watunzi wa kesho hawawezi kuujengea juu wimbo ambao hakuna aliyeuhifadhi.