Ariya: Gari la Kuazima na Dhamana Yake, Kutoka Hunayn Hadi Nyanda za Juu Kusini

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Katika miji yetu ya Mbeya na Iringa, gari la mtu mmoja mara nyingi huwa gari la msikiti mzima. Likitokea janga la msiba, jirani huja kuomba gari la kupeleka wafiwa kijijini. Ikifika harusi, ufunguo huombwa tangu siku tatu kabla. Mgonjwa akizidiwa usiku, hapana anayeuliza bei ya kukodi. Huenda kugonga mlango wa mwenye gari, naye hutoa. Hili ni jambo jema, nasi tunamuomba Allah alidumishe. Katika Suratul Ma'un Allah (s.w.) amewalaumu wale wanaozuia vyombo vya kusaidiana, na Masahaba kama Ibn Mas'ud (r.a.) walifahamu kuwa humo vimo vitu vidogo vya nyumbani kama vile chungu, ndoo na shoka. Ikiwa anayezuia ndoo amelaumiwa, basi aliyetoa gari lake bila ya malipo ana malipo makubwa mbele ya Mola wake.

Lakini tuangalie linalotokea gari likirudi limeharibika, au lisiporudi kabisa. Hapo ndipo tunaposikia maneno ambayo yamezoeleka: "Ni ajali, ni qadar ya Allah, tufanyeje?" Wazee hukaa, hutumwa watu kwa mwenye gari, na huambiwa asamehe kwa ajili ya Allah. Anayedai haki yake huonekana ana tamaa ya dunia. Wengine husamehe kwa aibu tu, kisha hawaswali tena safu moja na aliyeharibu. Hivyo basi swali letu ni hili: Je, mwazimaji ana dhamana, au hana? Na hukumu hiyo imetoka wapi hata ikatufikia sisi huku Nyanda za Juu Kusini?

Deraya za Safwan

Wanachuoni wa Fiqhi huita kuazima kwa jina la ariya, yaani kumruhusu mtu anufaike na kitu bila ya malipo, kisha akirudishe chenyewe. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliazima. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) ya kwamba watu wa Madina walipatwa na hofu, Mtume (s.a.w.) akaazima farasi wa Abu Talha aliyeitwa Mandub, akatoka kuchunguza, na aliporudi akamsifu farasi yule kwa mbio zake. Kwa hiyo kuomba kuazima si aibu, wala si unyonge.

Ama kisa ambacho ndicho msingi wa mas-ala yetu ni cha mwaka wa 8 Hijria (630), baada ya kufunguliwa Makka, Waislamu walipokuwa wakijiandaa kwenda Hunayn. Safwan bin Umayya alikuwa na deraya nyingi, na wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Mtume (s.a.w.) akamwomba amwazime. Safwan akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa sivyo, bali ni ariya yenye dhamana. Na katika mapokezi ya Abu Daud imeelezwa kwamba vita vilipokwisha deraya zilikusanywa, zikaonekana baadhi zimepotea. Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeanza: alimweleza Safwan kuwa zimepungua, akamuuliza kama alipwe. Safwan akakataa kulipwa, akaeleza kuwa siku ile moyoni mwake mlikuwa na jambo ambalo hapo awali halikuwamo.

Tuusome mpangilio wa kisa hiki kwa makini. Mwazimaji alikuwa ni Mtume wa Allah, na mwenye mali alikuwa mtu aliyeshindwa vitani wiki chache tu kabla. Juu ya hivyo mwenye nguvu ndiye aliyekubali dhamana, akatoa habari ya upungufu bila ya kufichwa, na akajitolea kulipa. Msamaha ulikuja baadaye, nao ulitoka kwa mwenye mali kwa hiari yake. Hakutumwa mtu kumshawishi.

Walivyotofautiana Maimamu

Hadithi ni moja lakini fahamu zilitofautiana. Imam Abu Hanifa (aliyefariki 150 Hijria) na wafuasi wake walisema ariya ni amana. Mwazimaji halipi ila akifanya uzembe au akivuka mpaka wa ruhusa. Neno la dhamana katika kisa cha Safwan wao walilichukulia kwa maana nyingine, na wakatilia nguvu mapokezi ya Ya'la bin Umayya ambamo Mtume (s.a.w.) alitaja ariya ya kurudishwa.

Imam Shafi (aliyefariki 204 Hijria) aliona kuwa dhamana ndiyo sifa ya kila ariya. Mkono wa mwazimaji ni mkono wa dhamana, awe amezembea au hakuzembea. Dalili nyingine ni Hadithi ya Samura bin Jundub (r.a.) yenye maana ya kuwa mkono unabeba kile ulichokichukua mpaka ukirudishe. Kauli mashuhuri ya madh-hebu ya Imam Ahmad (aliyefariki 241 Hijria) nayo ni hiyo ya dhamana, ingawa Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona kuwa dhamana hulazimu pale iliposhurutishwa. Ama Imam Malik (aliyefariki 179 Hijria) alipita katikati: kitu kinachoweza kufichwa, kama nguo na mapambo, mwazimaji anakidhamini mpaka alete ushahidi kuwa kimepotea bila ya kosa lake, kisichofichika, kama mnyama na nyumba, hana dhamana nacho ila kwa uzembe.

Tofauti hii ni rehema kwa mwenye kuielewa. Lakini ni hatari kwa anayeokota kauli inayomfaa siku ya ajali, na akaitupa siku gari lake yeye linapoharibiwa na mwenzake.

Fiqhi ilivyopanda milimani

Waislamu wengi wa Mbeya na Iringa walirithi madh-hebu ya Shafi kutoka pwani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika Usangu, kwa watemi waliojulikana kwa jina la Merere, wakitafuta pembe za ndovu. Baada yao wakaja Wajerumani, ambao miongoni mwa askari wao walikuwamo Waislamu wengi. Walijenga boma lao Iringa mwaka 1896, miaka miwili kabla ya kifo cha Mtwa Mkwawa. Mbeya ilikua baadaye, katika miaka ya 1920, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa huko Chunya. Kila palipokuwa na soko na kituo cha safari, palipatikana msikiti na chuo cha watoto.

Vitabu vilivyosomwa ni vile vya pwani na Hadhramaut. Hapa pana jambo linalofaa kuzingatiwa na maimamu. Mtoto wa chuoni huanza na Safinatun Najah, kitabu ambacho ni cha ibada: tohara, swala, zaka na saumu. Hakina mlango wa biashara wala wa ariya. Wengi wetu tuliishia hapo, tukaingia katika maisha. Anayeendelea na Matn ya Abu Shuja, au Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), ndiye anayekuta kuwa ariya inadhaminiwa kwa thamani yake ya siku ilipoharibika. Matokeo yake ni kuwa mtu anajua vyema yanayotengua udhu wake, lakini hajui linalomlazimu anapopokea ufunguo wa gari la jirani yake.

Nayo njia yetu si njia ya mzaha. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, na Zambia ikabanwa upande wa kusini, malori ya mafuta na shaba yalianza kupita kwa wingi baina ya Dar es Salaam na Zambia kwa barabara ya vumbi na matope inayopita Iringa na Mbeya. Madereva waliiogopa barabara ile kwa wingi wa ajali zake. Bomba la mafuta lilikamilika 1968, lami ikafuata katika miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Lakini malori hayakuondoka. Mpaka leo anayeendesha gari dogo katika mlima wa Kitonga, au katika miteremko ya Inyala na Mbalizi, yuko mbele au nyuma ya lori zito. Anayeazima gari katika njia hii ajue uzito wa alichokiomba.

Hukumu katika gari

Tuchukue mfano. Mtu wa Mbeya amemwazima jirani gari aende msibani Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kwa fiqhi ya Shafi, kilichochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa hakilipwi: tairi kupungua, breki kuisha kwa mteremko, vumbi na matope. Ama bodi iliyobonyezwa kwa kugonga, au gari lililopinduka au kuibwa, wanachuoni hutofautisha baina ya kuharibika kwa sababu ya matumizi na kuharibika wakati wa matumizi. Ruhusa ilikuwa ya kuendesha, haikuwa ya kugonga. Hilo atalilipa, ijapokuwa hakukusudia.

Na kama aliruhusiwa kufika Iringa naye akaendelea hadi Dodoma, au akampa ufunguo shemeji yake bila ya idhini, hapo amevuka mpaka, na kwa fiqhi ya Shafi analazimika kudhamini.

Lakini ikiwa mwenye gari ndiye aliyemtuma kwa haja yake mwenyewe, kwa mfano kumpokelea mgeni wake, huyo si mwazimaji bali ni wakala. Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kuwa mnyama akifa mikononi mwa wakala aliyetumwa na mwenyewe, hapana dhamana. Basi kabla ya kuhukumu, imamu aulize kwanza: safari ilikuwa ya nani? Vile vile mwenye gari aliyejua kuwa breki ni mbovu akanyamaza, amemdanganya nduguye, wala hana haki ya kuja kudai kama mtu aliyetendewa uovu.

Ama madhara ya watu wengine, asili ni kuwa anayetenda kwa mkono wake ndiye wa kwanza kubeba. Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, ilipitisha kuwa dereva anawajibika kwa madhara ya gari analoendesha, isipokuwa katika hali kama vile nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa la mwingine; na kwamba kufuata kanuni za barabarani ni wajibu wa kisheria. Akifa mtu kwa makosa ya dereva, kuna diya na kafara kama ilivyo katika Suratun Nisai, aya ya 92. Jambo hilo halifutwi kwa mkono wa rambirambi.

Sheria ya nchi

Mahakama za makadhi upande wa Bara ziliondolewa kwa sheria ya 1963. Kwa hiyo kesi ya gari ikifika mahakamani itapimwa kwa Sheria ya Mikataba ya 1961, ambayo asili yake ni sheria ya India ya 1872 iliyotumika Tanganyika wakati wa Waingereza. Humo aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe hutakiwa kuitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza yake, na akifanya hivyo hawajibiki, ila kama kuna makubaliano maalumu. Msomaji ataona kuwa hili linakaribiana na kauli ya Hanafi. Aidha bima ya lazima ni ya kuwalinda watu wengine. Peke yake hailipi gari lililoazimwa.

Basi tunao watu wanaoswali kwa madh-hebu ya Shafi na kushitakiana kwa kanuni iliyo karibu na ya Hanafi. Suluhisho ni kusema wazi kabla ufunguo haujatoka mkononi. Aliyeshurutisha dhamana ameafikiana na Shafi, ameafikiana na Ibn al-Qayyim, na sheria ya nchi itaheshimu makubaliano yake. Yaandikwe: gari linakwenda wapi, linarudi lini, nani ataendesha, leseni yake ni ya daraja gani, na likiharibika nani atatengeneza. Lizungukwe na kutazamwa na wote wawili. Wawepo mashahidi. Anayechukia kuandika aikumbuke aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo imetuamrisha kuandika madeni ili kuondoa shaka, wala haikuwaita wanaoandika watu wasioaminiana.

Wito wetu kwa maimamu

Tunawanasihi maimamu wasiwe wa mwanzo kumwendea mwenye gari na ombi la msamaha. Waende kwanza kwa mwazimaji, wamwambie aige aliyoyafanya Mtume (s.a.w.): aseme kilichoharibika bila ya kuficha, na ajitolee kulipa, hata kama ni kidogo kidogo kwa miezi. Akiwa fukara, jamaa na msikiti wamsaidie kubeba. Mwenye mali akisamehe baada ya hapo, amesamehe kama Safwan, na thawabu zake ni kamili. Asiposamehe, hakuna wa kumlaumu, kwani huenda gari lile ndilo linalosomesha watoto wake.

Qadar ya Allah tunaiamini, lakini haki ya mja hailipwi kwa kutaja qadar. Tunamuomba Allah (s.w.) atuhifadhi katika njia zetu, na atujaalie wenye kutekeleza amana na dhamana. Amin.

Wallahu a'lam.