Emmy: Tuzo Iliyoanza kwa Kiingilio cha Dola 5

Usiku wa Januari 25, 1949, mtu yeyote mwenye dola 5 za kiingilio aliweza kuketi katika ukumbi wa Hollywood Athletic Club, mjini Los Angeles, na kushuhudia hafla ya kwanza ya Tuzo za Emmy. Zilitolewa tuzo sita tu. Zote zilihusu vituo vya televisheni vya Los Angeles na viunga vyake. New York, iliyokuwa mbele zaidi kwa televisheni, haikuhesabiwa kabisa. Wa kwanza kuitwa jukwaani hakuwa nyota wa filamu. Alikuwa Shirley Dinsdale, binti aliyezungumza bila kuchezesha midomo ili mwanasesere wake, Judy Splinters, aonekane ndiye msemaji. Kipindi kilichotajwa kupendwa zaidi kilikuwa Pantomime Quiz, mchezo wa kuigiza maneno kwa ishara na wenzako wakakisia.

Akademia iliyoandaa hafla hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Aliyeiasisi mwaka 1946 ni Syd Cassyd, mwandishi wa habari za biashara ya burudani, ambaye aliona televisheni inahitaji baraza lake la kuijadili kama sanaa na kama sayansi. Rais wake wa kwanza, Edgar Bergen, alikuwa naye bingwa wa kusemea mwanasesere. Mwenye dhana mbaya angeuliza kama huo haukuwa upendeleo wa watu wa fani moja. Mimi naona jambo hilo linaeleza tu hali ya wakati ule: wakubwa wa sinema waliibeza televisheni, kwa hiyo iliishi kwa watu wa redio na wa majukwaa ya vichekesho.

Jina nalo lina kisa. Pendekezo la awali lilikuwa “Ike”, kifupi cha jina la bomba la kioo lililokuwa moyo wa kamera za televisheni za mwanzo. Likakataliwa, kwa sababu Marekani nzima ilimfahamu Ike mmoja tu, Jenerali Dwight Eisenhower. Mhandisi Harry Lubcke akapendekeza “Immy”, kutokana na bomba jingine la kamera, na kwa kuwa sanamu yenyewe ni ya mwanamke, likageuzwa kuwa Emmy. Eisenhower aliyenyimwa jina hakunyimwa tuzo: mwaka 1956, akiwa rais wa nchi, alipewa Emmy ya heshima kwa jinsi alivyoitumia na kuihimiza televisheni. Rais mwingine kuipata ni Barack Obama, mwana wa Mkenya, aliyeshinda mwaka 2022 kama msimulizi wa makala ya hifadhi za taifa duniani. Tsavo imo miongoni mwa hifadhi hizo.

Sanamu ilichorwa na mhandisi Louis McManus, baada ya akademia kukataa michoro 47 ya watu wengine. Aliyekaa kuchorwa ni mkewe, Dorothy. Mwanamke huyo ana mbawa, ishara ya sanaa, na mikononi ameinua atomu, ishara ya sayansi. Sanamu ina uzito wa kilo tatu na ushee, na ncha za mbawa zake ni kali. Ukimwona mshindi ameishika mbali kidogo na uso, ujue ana sababu. Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kwamba sanamu inayokabidhiwa jukwaani haina jina la mtu. Matokeo ni siri hadi bahasha ifunguliwe, hivyo mshindi hubeba sanamu tupu hadi kwenye karamu ya baadaye, akapanga foleni na mastaa wenzake ili kibao chenye jina lake kifungwe kwenye kitako.

Machi 7, 1955, hafla ilirushwa kwa mara ya kwanza nchi nzima, kupitia NBC, na hapo ndipo ugomvi wa pwani mbili ulipokolea. New York ilikuwa na habari, na michezo ya kuigiza iliyorushwa moja kwa moja. Hollywood ilikuwa na studio na mastaa. Ed Sullivan, mtangazaji aliyetamba New York, aliongoza kundi la huko lililodai akademia iwe ya kitaifa. Ndoa ya pwani hizo mbili ilifungwa kwa shingo upande na ikavunjika mwaka 1977. Hollywood ikabaki na tuzo za vipindi vya usiku, hizi zinazotajwa sana. New York ikachukua za mchana, za habari na za michezo.

Mwaka huohuo wa 1977 ulikuwa wa Roots, hadithi ya Kunta Kinte, Mwafrika aliyeuzwa utumwani Marekani, iliyoteuliwa mara 37 na kushinda tuzo tisa. Katika tuzo ya uigizaji, Louis Gossett Jr. alimshinda mwenzake LeVar Burton, kijana aliyeigiza Kunta mwenyewe. Kwa sherehe zile, ungedhani suala la rangi lilikuwa limekwisha. Halikuwa limekwisha. Harry Belafonte alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Emmy, mwaka 1960. Gail Fisher akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda kwa uigizaji, mwaka 1970. Isabel Sanford akachukua ile ya mwigizaji mkuu wa kike wa vichekesho mwaka 1981. Lakini tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia haikumfikia mwanamke Mweusi hadi mwaka 2015, ilipomwendea Viola Davis. Alitumia dakika zake jukwaani kueleza kwamba huwezi kushinda kwa nafasi ambazo hazijaandikwa. Katika hotuba zote za Emmy nilizozisikia, hakuna iliyogusa penyewe kama hiyo.

Migomo na vita navyo vimeacha alama. Mwaka 1980 waigizaji walikuwa wamegoma na wakaisusia hafla. Powers Boothe ndiye mshindi pekee wa uigizaji aliyejitokeza, na kukubali kwake tuzo kulihitaji ujasiri, kwani wenzake walikuwa nje wakidai haki. Mwaka 2001 hafla iliahirishwa mara mbili: kwanza kwa mashambulizi ya Septemba 11, kisha kwa sababu siku iliyopangwa upya, Oktoba 7, ndiyo Marekani ilipoanza kuipiga Afghanistan mabomu. Ilifanyika Novemba. Migomo ya waandishi na waigizaji ya mwaka 2023 iliisukuma hafla ya 75 hadi Januari 2024, na kwa kuwa ya 76 ilifanyika Septemba, mwaka mmoja ukawa na Emmy mbili.

Tabia kubwa ya akademia hii ni kuchelewa kukubali wageni. Televisheni za kulipia, HBO ikiwamo, ziliruhusiwa kushindana mwaka 1988 tu, zikiwa zimekwisha kujenga hadhira yao. Netflix ilipata ushindi wake wa kwanza mkubwa mwaka 2013 kwa House of Cards. Kwa lugha zisizo Kiingereza, kusubiri kulikuwa kurefu zaidi. Lee Jung-jae wa Squid Game ya Korea alishinda mwaka 2022 kama mwigizaji mkuu wa tamthilia, na mwaka 2024 Shōgun, ambayo sehemu kubwa yake ni Kijapani, ikawa tamthilia bora na kuzoa tuzo 18 za msimu mmoja, rekodi mpya. Hata hivyo Shōgun ilitengenezwa na kampuni ya Marekani, na Squid Game ilifika kwa mgongo wa Netflix. Mgeni bado anahitaji mwenyeji wa kumshika mkono.

Kwa watayarishaji wetu wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bukavu wasio na mwenyeji wa namna hiyo, ipo Emmy ya Kimataifa, inayotolewa New York kila Novemba kwa vipindi vilivyotengenezwa nje ya Marekani. Ina vipengele vya tamthilia, vichekesho, makala na hata telenovela, aina ya kipindi tuliyoizoea kuliko zote. Tamthilia za Kiswahili tunazo nyingi, na baadhi ni nzuri kweli. Zipelekwe.