Kabla ya Photoshop Kulikuwa na Penseli

Kuna maneno nimechoka kuyasoma: "Siku hizi picha zote ni za uongo, zamani watu walikuwa wanapigwa vile walivyo." Wasee, hapana. Cucu au gogo wako kwa ile picha nyeusi na nyeupe iliyotundikwa sebuleni, ngozi laini kama kikombe kipya, huenda pia aliedितiwa. Ni vile tu aliyemuediti hakuwa na kompyuta. Alikuwa na penseli.

Hii stori niliipata kwa darasa. Niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi Kuresoi, nikaanza kuitwa kupiga picha kwa harusi na matanga. Baadaye nikatafuta mtu wa kunifunza ritachi. Kila Jumamosi napanda matatu hadi Molo, naunganisha ya Nakuru, naenda kwa mzee mmoja mpiga picha anayefunza mtu mmoja mmoja. Mia tano kwa kikao, viti viwili, laptopu moja. Siku ya kwanza hiyo laptopu haikufunguliwa. Alitoa negativu ya zamani na penseli iliyochongwa ikawa ndefu kama sindano, akaniambia, "Kijana, anzia hapa."

Sikiza vile ilikuwa inafanyika. Kwa negativu kila kitu kimegeuka: cheusi kinaonekana cheupe, cheupe kinaonekana cheusi. Kunyanzi la uso linatokea kama mstari unaopitisha mwanga. Fundi alikuwa analaza negativu kwa meza iliyoinama, yenye kioo katikati na mwanga unaotoka chini. Anapaka vanishi kidogo ili penseli ishike, halafu anaweka vidoti vidogo vidogo pale kwenye mstari. Risasi ya penseli inazuia mwanga, na picha ikichapishwa, kunyanzi limepotea. Akitaka kuongeza giza, anakwangua kwa wembe. Na hapo kwa wembe, mkono ukiteleza imeisha. Hakuna kurudi nyuma. Sisi tunabonyeza vitufe viwili kosa linafutika, na hata hiyo historia ya kurudi hatua nyingi ilikuja kwa Photoshop 5.0, mwaka 1998.

Hii kazi ni ya zamani kuliko reli yetu. Mwaka 1855 huko Paris, Mjerumani Franz Hanfstaengl alionyesha picha moja mara mbili, kabla ya ritachi na baada yake, na watu wakashangaa. Photoshop yenyewe ilianza 1987, wakati Thomas Knoll alikuwa anasomea uzamifu Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka uliofuata alipumzisha masomo miezi 6 ili aitengeneze na kaka yake John. Ilitoka sokoni Februari 1990. (Sisemi muache chuo. Nasema tu kilichotokea.) Na ukiangalia vizuri, hao ndugu walichukua chumba cha giza wakakitia ndani ya kompyuta. Kile kifaa cha kuongeza mwanga kina alama ya kijiti chenye kiduara, juu fundi alikuwa anashika kijiti hivyo kuziba mwanga usichome sehemu fulani ya karatasi. Kile cha kuongeza giza kina alama ya mkono uliokunjwa, juu ulikuwa unakunja mkono hivyo kupitisha mwanga mahali pamoja tu. Nimebonyeza hizo alama miaka miwili bila kuuliza ni za nini.

Sasa, nani alifunza nani huku kwetu? Kozi hazikuwepo. Ulikuwa unaingia kwa studio ya mtu, unafagia, unachanganya dawa, siku moja unapewa penseli. Zanzibar, A. C. Gomes alikuwa na studio tangu karne ya 19. Ranchhod Oza alifanya kazi hapo, kisha mwaka 1930 akafungua yake, Capital Art Studio, na mtoto wake Rohit akairithi. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye studio yake ilianza miaka ya 1940. Wengi wa hawa walikuwa familia zenye asili ya Goa na Gujarat, na ujuzi ulikaa ndani ya nyumba. Ukiwa Mwafrika wa bara, mlango huo haukuwa rahisi kuufungua.

Ndio maana mtu wangu katika hii historia yote ni Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993. Huyo alijifunza mwenyewe. Kwa Bakor Studio alikuwa anaunganisha picha, anatoa sura ya mtu katikati ya ua, vitu ambavyo leo tunafanya kwa leya na tunajiona wabunifu. Bila kozi, bila YouTube, kwa kisiwa kisichokuwa na barabara za magari. Nikisikia mtu ananiambia ati hawezi kujifunza juu hana laptopu ya maana, namfikiria Bakor.

Lakini kuna sehemu ya hii historia ambayo si tamu. Filamu za kwanza hazikuona rangi nyekundu vizuri, kwa hivyo ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, macho na meno pekee ndiyo yanaonekana. Filamu ya rangi ilipokuja, Kodak walipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ile iliyoitwa Shirley. Sura zetu hazikuwa kwa hesabu. Fundi wa studio akiongeza penseli kwa uso wa mteja, mara nyingine alikuwa anarudisha kile filamu ilikuwa imeiba. Mara nyingine alikuwa anamfanya mweupe tu, juu mteja amelipia weupe. Kwa karatasi huwezi kutofautisha hayo mawili. Mimi nikiulizwa "nitoe nikiwa laiti kidogo," naangalia kwanza kama picha yenyewe imemkosea. Ikiwa imemkosea, narekebisha. Ikiwa haijamkosea, nakataa, na ndiyo, nimepoteza wateja.

Na huku Kuresoi kazi kubwa ya ritachi hata si urembo. Ni matanga. Mtu analeta kitambulisho cha marehemu, anataka sura itolewe ikubwe, iwekwe kwa programu ya mazishi na kwa fremu juu ya jeneza. Mbona kitambulisho? Kwanza, wazee wengi hawakuwahi kupigwa picha nyingine. Kipande cha mkoloni kilikuwa na alama za vidole, sura haikuwemo, na kilikuwa cha wanaume. Wanawake walianza kuandikishwa kwa vitambulisho baada ya sheria kubadilishwa 1978. Kwa hivyo kuna gogo ambaye picha yake ya kwanza maishani ilipigwa kwa amri ya serikali, na ndiyo hiyo hiyo atazikwa nayo.

Pili, albamu ziliungua. Vita vya 1992 vilifika Molo na Olenguruone. Mwaka 2007 huku Kuresoi nyumba zilikuwa zinachomwa hata kabla ya uchaguzi wa Desemba, na watu wakaishia kwa mahema pale Showground Nakuru. Ukikimbia usiku unabeba mtoto na kitambulisho. Albamu inabaki. Jamii zote za hapa zina hiyo hasara.

Basi unapewa kipicha cha ukubwa wa kucha, kimepitiwa na mihuri na mikwaruzo, na familia inakuambia, "Mvalishe suti." Mwanzoni nilidhani hiyo suti ni uongo. Mzee wangu wa Nakuru alinijibu kwamba kwa studio za zamani koti lilikuwa limetundikwa ukutani, yeyote alikuwa analivaa akapigwa nalo. Suti haijawahi kuwa ya mwenye picha. Sura ndiyo yake, na sura usiiguse zaidi ya mkwaruzo.

Hapo ndipo nina ugomvi na programu za akili bandia zinazo-"rudisha" picha za zamani kwa sekunde tatu. Zikikosa habari ya uso, zinabuni. Nimepitishia picha moja ya kitambulisho, ikarudi na mama mrembo sana, macho makali, kila kinyweleo mahali pake. Binti yake aliangalia akasema, "Huyu si mama." Kovu la kwenye nyusi lilikuwa limeondolewa kama uchafu. Nilirudi kwa kifaa cha kunakili ngozi, nikaenda kidoti kwa kidoti, saa nne nzima. Ilitoka na ukungu kidogo. Kovu lilikuwepo. Wakaichukua hiyo.

Wewe kama nyumbani kwenu kuna picha ya studio ya zamani, igeuze uangalie kama nyuma kuna muhuri. Kisha uangalie chini ya macho na kando ya mdomo. Ukiona sehemu laini kuliko shavu lingine, huenda hapo penseli ilipita. Nitumie muhuri unasema studio gani na mji gani, nataka kujua kama Molo na Njoro kulikuwa na mafundi wa meza iliyoinama.