Mjumbe Aliyefukuzwa Barazani

Nchi ya Marekani ina majimbo mengi, na kila jimbo lina Baraza lake la kutunga sheria, mbali na lile Baraza kuu la Washington. Leo twataka kuwasimulia habari za mjumbe mmoja wa Baraza la Georgia, jimbo la upande wa kusini. Jina lake ni Henry McNeal Turner.

Alizaliwa mwaka 1834 katika jimbo la South Carolina. Hakuwa mtumwa, lakini alikuwa mtu mweusi, na sheria ya huko ilikataza watu weusi wasifundishwe kusoma. Alipokuwa kijana alifagia ofisi ya mawakili, nao wakamfundisha. Sisi tulio walimu hatuwezi kuipita habari hiyo kimya. Baadaye akawa kasisi, na mwaka 1863, wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini, alihudumu katika kikosi cha askari weusi.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, watumwa walikuwa huru, na Georgia ikalazimishwa kuandika katiba mpya. Turner alichaguliwa kuwa katika mkutano wa kuiandika. Huko alionyesha upole mwingi: hakutaka mabwana wa zamani, waliopigana upande wa Kusini, wanyimwe kura. Yaelekea alitumaini kwamba hisani italipwa kwa hisani. Mwaka 1868 watu wa wilaya ya Bibb wakampeleka Barazani, na wajumbe weusi wote wakawa 33.

Baraza lilifunguliwa mwezi wa Julai. Kabla ya Septemba kuisha, wajumbe weupe walikwisha kuleta hoja yao: katiba yampa mtu mweusi haki ya kupiga kura, lakini haisemi waziwazi kwamba aweza kuwa mjumbe. Tazameni ujanja wa maneno hayo! Kura yake yafaa kumwingiza mwingine mlangoni, lakini yeye mwenyewe abaki nje.

Tarehe 3 Septemba Turner alisimama akanena kwa muda mrefu. Alisema hatajipendekeza kwa mtu wala kuomba haki yake kwa kupiga magoti. Aliuliza kama yeye ni mtu au si mtu. Maana akiwa mtu, haki za mtu ni zake. Akasema mtu mweusi hawezi kuilinda nchi isiyomlinda yeye, na aliyasema hayo mtu aliyewazika askari.

Kura zikapigwa: 83 kwa 23, wafukuzwe. Walisazwa wachache tu, ambao kwa weupe wa ngozi zao haikuthibitika kwamba wana damu ya watu weusi. Viti vya waliofukuzwa wakapewa wale walioshindwa katika uchaguzi.

Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Georgia iliamua kwamba mtu mweusi aweza kushika kazi ya serikali, na Desemba Baraza la Washington likaamuru wajumbe warudishwe. Januari 1870 Turner akaketi tena, lakini si kwa muda mrefu. Alipofanywa askofu mwaka 1880, moyo wake ulikuwa umekwisha kugeuka. Akawahimiza watu wake warudi Afrika. Yeye mwenyewe alifika Sierra Leone na Liberia mwaka 1891, na Afrika ya Kusini mwaka 1898. Alifariki mwaka 1915.

Miaka zaidi ya hamsini ya karne iliyofuata ilipita bila mjumbe mweusi katika Baraza la Georgia, mpaka uchaguzi wa mwaka 1962. Sanamu ya wale waliofukuzwa iliwekwa uwanjani pa Baraza hilo, mjini Atlanta, mwaka 1978.