Kuku mmoja ndani ya nyumba: mlinde mtoto
Umebaki na kuku mmoja, na kwa kuogopa wezi unamlaza ndani pamoja na paka? Kwenye vyumba vya kupanga vya Mbagala au Tandale ni jambo la kawaida. Lakini kuku anayeonekana mzima anaweza kuwa na bakteria wa salmonela kwenye kinyesi. Paka hukikanyaga na kukifikisha kwenye mkeka. Mtoto anayetambaa hukishika, kisha hutia mkono mdomoni.

Mlaze kuku kwenye tenga, mbali na vyombo na chakula. Zoa kinyesi kila asubuhi, kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mtoto akiharisha, mwanzishie ORS. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama au anashindwa kunywa, mwahishe zahanati siku hiyohiyo.